Ali wa Kinshasa na Tyson wa 1988: nani atalipa kasie?

Siku ya mushahara, ku kambi moja ya wafanyakazi wa mugodi, mabishano yakaanza tena. Kijana wa ekipe ya usiku alisema: « Tyson ya 1988 angemulalisha Ali mu raundi mbili tu. » Muzee mumoja wa pensheni akatua kopo chini: « Mutoto yangu, ile usiku ya Kinshasa weye ulikuwa haujazaliwa. Foreman naye alikuwa anapiga sawa Tyson, na njo yeye alianguka. » Wakawekeana kasie moja ya Simba. Lakini nani atakata hiyo kesi? Usiku ule Mike Tyson alikuwa mutoto wa miaka 8, na Muhammad Ali alikufa mwaka 2016.

Wamarekani walijaribu kuuliza ordinatere. Mwaka 1969 waliingiza mu mashine habari za Ali na za Rocky Marciano, yule aliyeacha boksi na mapambano 49 bila kupigwa hata mara moja. Ali alikuwa amekatazwa kupigana juu alikataa vita ya Vietnam; Marciano alikuwa na miaka 45, akavaa nywele za bandia. Waliwapiga sinema wakijifanya kupigana. Marciano akafa mu ajali ya ndege mbele sinema haijatoka. Mu Marekani watu waliona Marciano anashinda kwa K.O. raundi ya 13. Ulaya wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali ndiye mushindi. Hakimu wa namna hiyo, hata ku barza ya kambi hatumutaki.

Wengi wanatumia hesabu ya ngazi: huyu alimupiga yule, yule alimupiga wa tatu, basi huyu atamupiga wa tatu. Hesabu hiyo ilivunjikia hapa hapa kwetu. Mwezi wa 3 mwaka 1971, Joe Frazier alimushinda Ali ku pointi, New York, raundi 15. Mwezi wa 1 mwaka 1973, George Foreman alimuangusha Frazier mara sita mu raundi mbili, kule Jamaica. Ukifuata ngazi, Foreman alipaswa kumusaga Ali sawa mawe mu konkasere. Na karibu dunia nzima iliamini hivyo tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi ya usiku, ku uwanja wa 20 Mai, wenye unaitwa leo Tata Raphaël. Foreman: miaka 25, mapambano 40, ushindi 40. Ali: miaka 32.

Kila mumoja aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo ilisimamia. Zamani zile feza za kigeni za inchi zilitoka zaidi ku shaba. Kwa hiyo wazee wenye walishuka ku shimo wana sehemu yao mu lile pambano, hata kama hakuna aliyewapa tiketi.

Ali alijiegemeza ku kamba, akafunga uso kwa mikono, akaacha Foreman apige mu joto ile. Mwenye kufanya kazi ya nguvu anajua: ukipiga nyundo kwa hasira asubuhi, saa sita mikono inakuwa mizito. Raundi ya 8 Foreman hakuwa tena na pumzi. Tena Ali alikuwa anamushika shingo na kumuvuta chini kila mara, jambo ambalo muamuzi mwingine angelikataza.

Kuna siku nyakati mbili zilikutana kweli. Novemba 1994, Foreman alirudi na miaka 45, tumbo kubwa, na kaptula ile ile ya Kinshasa. Mbele yake Michael Moorer, bingwa, miaka 26, hajapigwa hata siku moja. Moorer alikuwa anaongoza ku pointi. Raundi ya 10, ngumi ya kuume, akalala. Wenye kusema wa zamani hawangeweza kitu, waanzie hapo.

Turudi ku kasie. Tyson wa 1988 alimumaliza Michael Spinks mu sekunde 91. Mufupi, 1 m 78, anaingia chini ya ngumi na kupiga kushoto kwa kuzungusha. Hiyo njo ngumi iliyomusumbua Ali siku zote: Henry Cooper alimuangusha nayo mwaka 1963, Frazier mwaka 1971. Hapo kijana ana haki, na muzee asicheke. Ali akijiegemeza ku kamba mbele ya Tyson, mimi naona amejiua: Tyson anapiga mbavu na kidevu mu pumzi moja. Lakini Buster Douglas, mutu murefu, alionyesha dawa Tokyo mwaka 1990: ngumi ndefu ya kushoto, kutembea, kumushika akikaribia. Tyson akalala raundi ya 10. Kazi ile Ali aliijua kupita Douglas, zaidi sana Ali wa 1967, mbele hawajamunyanganya mukaba.

Halafu, raundi ngapi? Zamani za Ali zilikuwa 15, za Tyson 12. Mbele ya raundi ya 5 naweka franga yangu kwa Tyson. Kuvuka hapo, kwa Ali. Wale wawili hawakupatana raundi, wala Ali ya mwaka gani. Kasie ingali chini ya meza ya mama muuzaji, na haijafunguliwa.