Mkutano wa wazazi wenye manufaa: ajenda mapema, maamuzi kwa maandishi

Mzazi anayehudhuria mkutano shuleni huacha shamba, biashara au kibarua cha siku. Mkutano wa saa tatu ukianza saa tano, na suala la mchango likaletwa mwishoni watu wakiwa wameanza kuondoka, uamuzi hupitishwa na wachache. Baadaye mtoto hurudishwa nyumbani kwa pesa ambazo mzazi wake hakuzijadili.

Sheria inasemaje?

Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, kila mzazi mwenye mwanafunzi shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi, na kila darasa huwa na mwakilishi katika kamati tendaji. Chama hujadili na kupendekeza malipo. Hakina mamlaka ya kuyaidhinisha. Katika shule za umma, ada ya masomo hairuhusiwi. Malipo mengine huhitaji idhini ya Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na ni lazima risiti rasmi itolewe. Hakuna mtoto anayepaswa kunyimwa masomo kwa kushindwa kuyalipa.

Kabla ya mkutano

Ajenda iwafikie wazazi angalau wiki moja mapema, kupitia barua, ujumbe wa simu au wawakilishi wa madarasa. Masuala matatu au manne yanatosha. Siku ya soko iepukwe.

Wakati wa mkutano

Suala la pesa lijadiliwe mwanzoni, wengi wakiwepo. Mwalimu mkuu aeleze pesa zilizopokelewa, zilizotumika na zilizosalia. Mwenyekiti agawe muda ili akina mama, wazee na wanaoketi nyuma nao wasikike. Lugha iwe ile inayoeleweka na wote. Tatizo la mtoto mmoja lishughulikiwe faraghani na mwalimu wa darasa.

Baada ya mkutano

Kila uamuzi uandikwe pamoja na jina la atakayeutekeleza na tarehe ya kuukamilisha. Kumbukumbu zisomwe mkutano unaofuata kabla ya jambo jipya kujadiliwa. Hapo ndipo wazazi hujua kama choo walichoahidiwa kimejengwa au la.

Mzazi asiyeridhika aanze na mwakilishi wa darasa, kisha mwalimu mkuu. Suala lisipotatuliwa, alifikishe kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, akiwa na risiti zake.