Safari ya meli: viza kwanza, kisha chumba, na chumba huchaguliwa kwa ramani

Kila msimu wa kaskazi hatukosi kuona meli kubwa nyeupe ya watalii ikipita mbele ya Mama Ngina kuelekea Kilindini. Watu huacha mihogo yao wakahesabu ghorofa. Zamani tulikuwa tukisema hayo ni mambo ya Wazungu. Siku hizi kijana yuko Leicester au Toronto, kazi ameshika, anampigia mamake simu: "Mama jitayarishe, mwaka huu nakupeleka safari ya meli." Mama anafurahi, mtaa mzima unapata habari, na pesa zinalipwa kabla mtu hajauliza swali hata moja.

Maswali hayo ndiyo nataka tuyaulize leo. Nimesafiri hivyo mara moja, nikimsindikiza dada yangu mkubwa, siku 7 katika visiwa vya Ugiriki, mwanawe ndiye aliyelipa. Tulirudi salama na tulifurahi, ila kuna makosa yaliyotukosesha usingizi. Na kuna jirani zetu, mzee na mkewe, waliofanya kosa moja tu likawatoa safarini kabisa. Naanza na lao kwa sababu ndilo zito.

Njia yao ilikuwa kama yetu: kupanda Piraeus, bandari ya Athens, kisha Mykonos, Kuşadası, Crete, Santorini na kurudi Piraeus. Wakala aliyewashughulikia aliwaombea viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Sasa, Kuşadası iko Uturuki, na Uturuki haimo Schengen. Meli ikifunga gati huko, kwa hesabu ya uhamiaji umeshatoka; ikirudi Crete, unaingia mara ya pili. Pale Piraeus kwenye meza ya kupokea abiria, pasipoti ilifunguliwa, viza ikasomwa, wakaambiwa hawawezi kupanda. Meli ikaondoka. Kurudishiwa pesa hakukuwepo, kwa sababu mkataba wa tikiti husema wazi kuwa hati za safari ni jukumu la abiria mwenyewe. Walikaa hoteli ya Athens siku nne, wakarudi Mombasa, na yule mzee mpaka leo hapendi kuulizwa.

Kwa hivyo ukipata stika yako ya viza, usitazame picha tu. Kuna sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Kwa safari inayogusa nchi nje ya Schengen na kurudi, 01 haitoshi. Na viza ya Uingereza, hata iwe ya miaka kumi, haikufungulii Ugiriki wala Hispania. Hizo ni nyumba mbili tofauti. Anayetaka kupunguza wasiwasi atafute njia iliyomo yote ndani ya Schengen, kwa mfano Barcelona, Marseille, Genoa, Naples, Palermo na Valletta. Hata hivyo omba ya kuingia mara nyingi, na kila nchi ambayo meli itafunga gati iulizie masharti yake, maana wenzetu wenye pasipoti za Ulaya hawaulizwi yale tunayoulizwa sisi. Maelezo mengi utakayoyasoma kwenye mitandao ya hizo kampuni yameandikwa kwa ajili yao.

Hapa ndipo kalenda inapokuwa na maana kuliko chumba. Unapoweka nafasi hulipi zote, unatoa arubuni. Salio kampuni nyingi hulitaka kiasi cha siku 90 kabla ya safari, nyingine mapema zaidi, nyingine siku 60. Ukishapita siku hiyo, ukijitoa unakatwa, na kadiri unavyokaribia ndivyo unavyokatwa zaidi mpaka hubaki na kitu. Viza ya Schengen nayo inaruhusiwa kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya kusafiri, na isiwe chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, tangu Juni 2024, na bima ya safari yenye kulipia matibabu ya angalau yuro 30,000 ni lazima. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja utaona nafasi iliyoko kati ya mwezi wa sita na wa tatu kabla ya safari. Omba viza ndani ya nafasi hiyo, ili jibu likija baya uwe umepoteza arubuni peke yake, au hata hiyo uwe umeinusuru. Jirani zetu walilipa zote siku ya kwanza kwa sababu waliambiwa bei itapanda.

Haya, chumba. Wazee wetu mambo haya wanayajua. Waliosafiri kwa Karanja na Kampala, meli za British India zilizokuwa zikizunguka Bombay, Mombasa, Unguja mpaka Durban, wanakumbuka kuwa wengi walilala sitahani na matandiko yao, na mwenye uwezo ndiye aliyechukua kabini. Leo hakuna wa sitahani. Kila mtu ana chumba chenye choo chake. Lakini vyumba havilingani, na tofauti kubwa haiko kwenye jina la daraja. Iko mahali chumba kilipo.

Daraja kwa kawaida ni nne. Cha ndani hakina dirisha. Ukizima taa ni giza totoro, saa nne asubuhi ni sawa na saa nane usiku. Kwa kijana anayerudi kulala tu, ni pesa iliyookolewa. Kwa mzee anayeamka usiku mara tatu, au anayetaka kujua alfajiri imeingia, ni taabu. Kisha kuna cha dirisha, ambalo halifunguki. Kisha cha roshani, ambapo waweza kutoka ukaketi na kikombe chako cha chai. Juu yake ndizo suiti, ambazo nitaziacha kwa wenyewe. Uangalie maneno madogo kwenye cha dirisha: vingine vimezibwa na mashua za kuokolea watu zilizoning'inizwa nje, nawe utalipia bahari uone rangi ya chungwa.

Mwana wa dada yangu alitulipia kile kinachouzwa rahisi kuliko vyote: unalipia daraja, lakini nambari ya chumba huchagui, kampuni inakupangia chochote kitakachobaki. Tulipangiwa ghorofa iliyo chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea, karibu kabisa na omo. Kabla jua halijachomoza tulisikia viti vikiburutwa juu ya vichwa vyetu, kimoja baada ya kingine, mamia. Meli ilipofika bandarini, zile propela za pembeni zinazosukuma omo kuelekea gati zikaanza kuunguruma, chumba kizima kikitetema. Dada yangu alidhani tumepanda mwamba.

Ndiyo maana nasema tumia ramani. Kila kampuni huweka kwenye mtandao wake ramani ya kila ghorofa ya kila meli, bure. Tafuta chumba chako, kisha tazama ghorofa iliyo juu yake na iliyo chini yake. Unachotaka ni vyumba juu na vyumba chini, kwa sababu watu wakilala nao wanalala. Juu kukiwa na bwawa, mkahawa au jiko, utaamshwa mapema. Chini kukiwa na ukumbi wa muziki, utalala kwa kuchelewa. Jihadhari na chumba chenye mlango wa ndani wa kuingilia cha jirani, isipokuwa jirani huyo ni wanao: mlango huo haufichi hata kikohozi. Lifti iwe karibu kwa mwenye magoti mabovu, lakini isiwe mlango kwa mlango.

Kuhusu kulevywa na bahari, mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Katika jahazi, mgonjwa wa bahari haketishwi omoni wala shetri. Huwekwa katikati, chini. Meli ya ghorofa kumi na tano ni vilevile. Huinuka na kushuka zaidi kwenye ncha zake mbili, na kuyumba upande kwa upande huongezeka kadiri unavyopanda juu. La kuchekesha ni kwamba vyumba vya bei kubwa vingi viko juu huko. Mwenye tumbo jepesi achukue cha katikati, ghorofa za chini, na pengine atalipa kidogo zaidi ya hapo bure. Msimu nao utazamwe: katika visiwa vya Ugiriki upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma kwa nguvu Julai na Agosti, jua nalo ni kali na umati ni mkubwa. Mei au mwisho wa Septemba ni nafuu kwa mzee. Dawa za kuzuia kutapika muulize daktari kwanza ikiwa ana presha au sukari.

Jambo jingine la chumba ambalo watoto walio mbali hulisahau ni kitanda. Bei ya "watu watatu chumba kimoja" huvutia, lakini kitanda cha tatu mara nyingi ni kile kinachoteremshwa kutoka darini, na hupandwa kwa ngazi ndogo. Nani atapanda, mama? Na anayesafiri peke yake ajue kuwa bei zinazotangazwa ni za kila mtu wawili wakiwa pamoja. Akiwa mmoja anaweza kutozwa karibu bei ya wawili.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu au mkongojo, vipo vyumba maalumu, milango mipana na bafu lisilo na kizingiti. Ni vichache katika kila meli na humalizika mapema, kwa hivyo hapo usingoje punguzo la dakika ya mwisho. Uliza pia kila bandari meli inafunga gati au inatia nanga nje. Santorini hutia nanga, abiria wakapelekwa pwani kwa mashua ndogo, na mjini kwenyewe ni juu ya jabali: ama gari la kamba, ama ngazi zaidi ya 580. Bahari ikichafuka, wenye viti vya magurudumu huambiwa wabaki. Dada yangu aliitazama Santorini kutoka melini, akasema imempendeza hivyo hivyo. Sikumwamini.

Bei nayo haiishii kwenye tangazo. Ongeza kodi za bandari ikiwa hazimo. Ongeza bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni nyingi hukata zenyewe kila siku kwa kila kichwa: ikiwa ni dola 16, wawili kwa siku 7 ni dola 224. Soda, maji ya chupa, intaneti na matembezi ya pwani hulipiwa mbali. Simu iondolewe kwenye mtandao kabisa baharini, kwa sababu hushika mnara wa meli wa setilaiti na salio huisha bila wewe kupiga. Ukitoka pwani mwenyewe, rudi mapema. Meli huwasubiri waliotoka na matembezi ya kampuni. Aliyechukua teksi yake haisubiri. Na uwasili mji wa kupandia siku moja kabla. Ndege kutoka kwetu ni za kuunganisha Addis Ababa, Doha au Istanbul, na ikichelewa moja tu, meli ishaondoka.

Chakula halali uandikie kampuni mapema, wiki kadhaa kabla, usingoje kumwuliza mhudumu mezani. Sisi tulijibiwa samaki na mboga zitakuwepo kila siku. Mtu wa Kibokoni hashtushwi na samaki siku 7. Lililomshtua dada yangu ni chetezo chake. Alikitia ndani ya sanduku pamoja na udi, na mkaa wake umefungwa vizuri, wakakichukua mlangoni na kumwandikia risiti. Chochote cha moto hakiruhusiwi melini, wala pasi, wala birika la umeme, hata chetezo cha umeme watakizuia. Moto baharini ni balaa, na wana haki. Dawa zako pia usizitie ndani ya sanduku kubwa, kwa sababu masanduku huchukuliwa bandarini na huenda ukaliona lako jioni.

Siku ya kwanza mtaitwa kuonyeshwa kituo chenu cha kukusanyikia ikitokea hatari na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Wengi huona kero. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi hilo. Baada ya hapo sheria zikabadilishwa, zoezi lifanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Mshike mama mkono, mwende naye kwa miguu kutoka chumbani mpaka kituoni, muijue njia bila lifti.

Dada yangu anataka kwenda tena, safari hii Barcelona na Italia. Chumba tumekichagua wenyewe kwa nambari: ghorofa ya 8, katikati, roshani ndogo, vyumba juu na vyumba chini. Arubuni imelipwa, salio ni la Februari. Alama za vidole tunakwenda kutoa Nairobi wiki ijayo, na kwenye fomu, mahali pa idadi ya kuingia, nimeandika mara nyingi.