Wanaokua Pamoja: Uhusiano Unavyojengeka kwa Wanyama na Binadamu, Kutoka Mto Katuma hadi Mishamo

Kila kiangazi, Mto Katuma unapopungua na maziwa ya msimu ya Katavi na Chada yanapobaki tope na nyasi, mamia ya viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia, mgongo kwa mgongo na kidevu juu ya kiuno cha jirani, kiasi kwamba mtazamaji aliyesimama karibu na daraja la Ikuu huona kana kwamba dimbwi zima ni mnyama mmoja. Ni rahisi kudhani kuwa viumbe wanaobanana namna hiyo wana udugu wa karibu sana. Hata hivyo, giza linapoingia viboko hao hutoka majini na kutawanyika malishoni, kila mmoja kwa njia yake, isipokuwa jike anayefuatwa na ndama wake, na uhusiano wa kudumu unaojulikana kwa hakika miongoni mwao ni huo wa mama na ndama tu. Dume lenye nguvu hutetea kipande chake cha maji na cha ukingo, na kadiri maji yanavyopungua, jambo ambalo katika Katuma huchangiwa pia na uchepushaji wa maji kwa ajili ya mashamba ya mpunga juu ya mto, ndivyo mapigano yanavyoongezeka, na imewahi kurekodiwa kuwa madume huua ndama.

Mfano huo unaonyesha tofauti ambayo ndiyo msingi wa elimu ya mwenendo wa kijamii, yaani namna viumbe wa aina moja wanavyotendeana. Kukusanyika mahali pamoja kwa sababu ya maji, chakula au hofu ya adui ni jumuiko tu. Uhusiano ni jambo jingine, nao ulielezwa vizuri na Robert Hinde wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mtaalamu aliyemsimamia Jane Goodall katika masomo yake ya uzamivu, pale alipoutazama kuwa mfululizo wa makutano kati ya watu wawili, au wanyama wawili, wanaofahamiana, ambapo kila kukutana huathiriwa na kukutana kulikotangulia. Kwa maelezo hayo, uhusiano hauwezi kuwepo bila kumbukumbu, na kumbukumbu haiwezi kuwepo bila muda. Swali kubwa, basi, ni jinsi muda huo unavyotumika, nani hukaa na nani, na nini hutokea mfululizo huo unapokatwa.

Magharibi ya Katavi, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Mkoa wa Kigoma, Milima ya Mahale imetoa majibu mengi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuatilia sokwe huko mwaka 1965, akisaidiwa na wenyeji wa kabila la Watongwe, ambao nchi yao inaendelea hadi katika wilaya ya sasa ya Tanganyika mkoani Katavi na ambao ujuzi wao wa njia, miti na nyayo ndio uliouwezesha utafiti huo kusimama. Inafaa kusemwa wazi kwamba wasaidizi hao hawajapewa sifa inayolingana na kazi yao. Mahale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na hadi leo vizazi kadhaa vya sokwe vimetazamwa mmoja mmoja, kwa majina.

Mtoto wa sokwe huzaliwa hajiwezi. Hunyonya kwa miaka minne au mitano, hulala katika kiota kimoja na mama yake, na katika muda wote huo hutazama kwa karibu mno mama anakula nini, anamkwepa nani na anamsogelea nani. Mwezi Januari 2011 alizaliwa Mahale mtoto wa kike mwenye ulemavu mkubwa, ambaye hakuweza kukaa bila kushikiliwa wala kujishikiza imara kwenye manyoya ya mama kama wafanyavyo watoto wengine. Mama yake, aliyeitwa Christina na watafiti, alimtegemeza kwa mkono alipotembea, na dada mkubwa wa mtoto huyo alimbeba na kumtunza pia, hivyo kwamba aliishi karibu miaka miwili. Jambo lililowagusa watafiti ni kwamba mama huyo, ambaye kwa watoto wake waliotangulia aliwaruhusu majike wasio ndugu kuwabeba, safari hii hakuwaruhusu. Haiwezekani kujua alichokiwaza, lakini mwenendo wake haukuwa silika isiyobadilika, yaani tabia ya kuzaliwa nayo inayojirudia vilevile daima. Ulilingana na hali ya mtoto aliyekuwa naye mkononi.

Mahale pia ndipo ilipodhihirika kwamba hata namna ya kutunzana hurithishwa kwa ukaribu. Sokwe hutumia muda mrefu kuchambuana manyoya, kazi inayoondoa kupe na uchafu lakini ambayo maana yake kubwa ni kujenga na kurekebisha urafiki. Mwaka 1978 William McGrew na Caroline Tutin walieleza desturi waliyoiona Mahale, ambapo sokwe wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja huinua mkono mmoja, mikono hiyo hushikana juu ya vichwa vyao, kisha kila mmoja humchambua mwenzake kwapani kwa mkono uliobaki. Sokwe wa Gombe, walio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hilohilo, hawana desturi hiyo. Baadaye iligundulika jambo dogo zaidi lakini zito zaidi: katika kundi lililoitwa K, sokwe walishikana kiganja kwa kiganja, ilhali katika kundi jirani la M walikutanisha vifundo vya mikono bila kushikana viganja, na jike mmoja aliyehama kutoka K kwenda M aliendelea kushika kwa namna ya kwao kwa miaka mingi baada ya kundi lake la asili kutoweka. Majike wa sokwe, kwa kawaida, huhama kundi walimozaliwa wakiwa na umri wa miaka 11 hivi, na madume hubaki. Kwa hiyo jike mgeni hufika ugenini na alichojifunza nyumbani, na hulazimika kujenga uhusiano mpya akiwa chini kabisa kwa cheo.

Upande wa binadamu, mojawapo ya tafiti zilizobadilisha fikra za dunia nzima kuhusu watoto haikufanyika Ulaya wala Marekani bali Uganda. Mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London na daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby, alizitembelea mara kwa mara familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa sebuleni na kutazama. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Ainsworth aliona jambo tofauti: mtoto anayetambaa humwacha mama akaenda kugusa kikapu au mlango, hugeuka kumtazama, hurudi, kisha hutoka tena akiwa amepata ujasiri. Mama, au mlezi mwingine aliyezoeleka, alikuwa kituo cha kuanzia safari za kuijua dunia. Uhusiano huo wataalamu huuita kushikamana, maana yake fungamano la hisia linalomfanya mtoto amtafute mtu maalumu anapoogopa. Ainsworth alibaini pia kwamba watoto waliokuwa na utulivu zaidi walikuwa na mama walioweza kumweleza mambo madogomadogo ya mtoto wao, kwa kuwa walikuwa wakimwangalia kwa makini. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967, na vipimo vya kushikamana vinavyotumika leo duniani kote vina mizizi katika sebule hizo.

Kwa wasomaji wa Katavi, kuna jambo ambalo vitabu vingi vya nje hulipitia haraka. Katika vijiji vya Mpimbwe, Nsimbo au Mlele, mtoto mdogo halelewi na mtu mmoja. Mama anapokwenda shambani au kisimani, mtoto hufungwa kwa kanga mgongoni mwa dada mwenye umri wa miaka saba au minane, ambaye humbeba akicheza, humtuliza kwa kumrusharusha, na humkabidhi kwa bibi anapochoka. Faida ni mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mdogo hupata zaidi ya mtu mmoja wa kumkimbilia, na yule mkubwa hujifunza kulea kabla hajazaa. Majaribio ya Harry Harlow nchini Marekani katika miaka ya 1950 na 1960 yalionyesha upande wa pili kwa ukatili: kima wadogo waliotengwa na wenzao tangu kuzaliwa, hata waliposhiba, walikua bila kujua kucheza wala kujamiiana, na majike waliopata watoto mara nyingi waliwapuuza au kuwaumiza.

Ushahidi wa namna hiyo umepatikana Tanzania pia, bila jaribio lolote, kutokana na ujangili wa pembe za ndovu. Kundi la tembo huongozwa na jike mzee, anayekumbuka mahali penye maji ya kiangazi na anayejua ni kundi gani la kukaribiana nalo na lipi la kukwepa. Majangili huwalenga hasa wazee, kwa sababu pembe zao ni kubwa. Utafiti uliofanyika Hifadhi ya Mikumi na kuchapishwa mwaka 2008, ukimshirikisha Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ulipima homoni za msongo, yaani kemikali ambazo mwili huzalisha unapokabiliwa na hofu au taabu, katika kinyesi cha tembo. Majike waliobaki katika makundi yasiyo na mzee wala ndugu wa karibu walikuwa na msongo mkubwa zaidi na walizaa kidogo kuliko wale walioishi na ndugu zao, ingawa mauaji yaliyovunja familia hizo yalikuwa yametokea miaka mingi nyuma, kabla ya biashara ya kimataifa ya pembe kupigwa marufuku mwaka 1989. Hesabu ya tembo waliouawa, basi, haielezi hasara yote. Waliosalia hupoteza walimu.

Mwenendo hauundwi na walezi peke yao, kwani jamii nzima huukuza kwa inachokisifu. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamehamia kwa wingi Katavi, na kwa desturi yao kijana aliyeua simba huzunguka kwa ndugu na majirani akicheza ngoma, naye hupewa zawadi. Kisa cha desturi hiyo kilikuwa kulinda ng'ombe, nayo ilikuwa na mantiki, lakini watafiti waliofanya kazi Mpimbwe walieleza mwaka 2014 kwamba zawadi zenyewe zilikuwa zimeanza kuwavuta vijana kumfuata simba ambaye hajala ng'ombe wa mtu. Kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, iliamua kuzungumza na wazee na watoaji wa zawadi badala ya kumwandama kijana peke yake, na vijiji vikatunga sheria ndogo za kuzuia zawadi kwa mauaji yasiyo ya kujihami. Mbinu hiyo ina busara kuliko faini tupu, kwa sababu inagusa mahali tabia inapolishwa.

Hata hivyo, funzo zito zaidi la Katavi linatoka katika makazi ya Katumba na Mishamo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa Katumba, karibu na Mpanda, na Ulyankulu mkoani Tabora, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo ikafunguliwa, kwa sehemu ili kuipunguzia Ulyankulu wingi wa watu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hao mwaka 1985 na 1986, akilinganisha waliokuwa Mishamo na wale walioingia kimyakimya katika mji wa Kigoma. Wote walitoka nchi moja na walikimbia maafa yaleyale. Mishamo, ambako watu waliishi wao kwa wao na walihitaji kibali cha kutoka, historia ya Burundi ilisimuliwa tena na tena mpaka ikawa nguzo ya nafsi ya kila mmoja, hata ya kijana aliyezaliwa Tanzania. Kigoma mjini, ambako jirani alikuwa Muha au Mmanyema, watu walioana na wenyeji, walichukua majina mapya na wengi hawakutaka kutambuliwa kwa asili yao. Asili ya watu hao haikutofautiana. Kilichotofautiana ni nani aliyeishi karibu na nani, na walizungumza nini jioni.

Mwaka 2007 serikali iliwapa wakazi wa makazi hayo ya zamani hiari ya kurejea Burundi au kuomba uraia, na wengi mno wakachagua kubaki. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia mwaka 2010. Mpango wa awali uliwataka raia hao wapya wahame na kutawanywa katika mikoa mingine ili wachanganyike na Watanzania wengine, na kwa sababu hiyo vyeti vyao vilicheleweshwa kwa miaka. Wazo hilo lilikuwa na sababu zake, lakini lilisahau kwamba karibu miaka 40 ya kulima muhogo na tumbaku, kuuza mazao Mpanda, kuzikana na kusalishana ilikuwa imekwishajenga uhusiano ambao basi la kuhamisha watu lingeukata kwa siku moja. Wakati vyeti vilipoanza kutolewa mwaka 2014, sharti la kuhama lilikuwa limeachwa, na familia za Katumba na Mishamo zikabaki katika mashamba yao, watoto wao wakiendelea kusoma na watoto wa Wabende, Wakonongo na Wasukuma katika shule za mkoa ambao wenyewe ulikuwa na umri wa miaka miwili tu.