Kichwa kinachobana: tuandike kile kilichopimwa



Mama mmoja wa kanisa letu alilalamika wiki tatu: "Kichwa kinanibana kama kimefungwa kamba." Mara tatu kwenye fishi yake waliandika malaria, bila matokeo ya labo, bila namba ya tansio. Tulipomsindikiza kwenye kituo kingine, walimpima: tansio ilikuwa juu sana. Leo anaendelea na dawa, na tunamshukuru Mungu. Lakini wiki tatu zilipotea.

Kichwa kubana ni dalili, si jina la ugonjwa. Kunaweza kutokana na mawazo mengi, kipanda uso, tansio, mafua yaliyoziba pua, hata kumeza dawa za maumivu kila siku. Ndiyo sababu orodha ya magonjwa ya OMS, CIM-10, inatenganisha mambo hayo kwa alama. R51 ni maumivu ya kichwa ambayo chanzo chake hakijajulikana. G44.2 ni yale ya kichwa kukazwa, G43 ni kipanda uso, I10 ni tansio ya juu.

Muuguzi ambaye hajajua chanzo hakosei akiandika R51. Anakosea akiandika ugonjwa ambao hakuupima, kwa maana atakayemfuata atasoma fishi, ataamini, na hatatafuta tena. Na hesabu ya malaria katika zoni ya afya itaongezeka bure.

Sisi wagonjwa pia tuna sehemu yetu. Tuseme maumivu yalianza lini, ni upande gani, yanabana au yanagonga, kama tunatapika, dawa gani tumekunywa, hata za miti, na kama kuna mimba. Tubebe fishi ya zamani. Tuombe kwa heshima tansio ipimwe, namba na tarehe ziandikwe.

Tusingoje hata kidogo kama maumivu yameanza ghafla kwa nguvu, kama kuna homa na shingo ngumu, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito, au mama mjamzito anaona giza. Hapo tuende hospitali mara moja. Tutaomba tukiwa njiani.

Luka, aliyekuwa mganga, hakuandika tu kwamba mama mkwe wa Simoni alishikwa na homa. Aliandika pia kwamba homa hiyo ilikuwa kali. Nasi tufanye hivyo kwa wagonjwa wetu.