Mhandisi wa Shule Mbili: Somo kwa Ukanda wa Dhahabu

Kusini mwa Ziwa Viktoria, katika mikoa ya Geita na Shinyanga, umelala ukanda wa dhahabu ujulikanao duniani kote. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza kazi katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ukarejea mwaka 2000. Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Tarehe hizi zatukumbusha kwamba kila mwamba una mwisho wake. Je, vijana wa nchi hii watabaki na nini dhahabu itakapokwisha?

Hesabu ya gramu nne

Tuchukue mfano wa tani moja ya mawe yenye gramu 4 za dhahabu. Densiti ya dhahabu ni gramu 19.3 kwa sentimeta moja ya ujazo. Kwa hiyo dhahabu yote iliyomo katika tani ile ni sawa na matone manne hivi ya maji. Kiwanda kikisaga tani 100,000 za mawe hayo, na kupoteza sehemu moja katika kumi ya dhahabu, kilo 40 zitatupwa pamoja na mabaki.

Kazi huwa ngumu zaidi pale dhahabu inaposhikamana na misombo ya shaba na salfa, kama ilivyo katika baadhi ya miamba ya Kahama. Hapo sayanaidi peke yake haitoshi. Unga wa mawe huchanganywa na maji na dawa, hewa hupulizwa ndani, na chembe zenye madini huelea juu pamoja na povu. Zao lake ndilo makinikia, yaliyokuwa yakipelekwa ng'ambo kuyeyushwa. Serikali ilipozuia usafirishaji huo mwezi Machi 2017, taifa zima liliuliza swali la kihandisi: ndani ya kontena mna nini, na ni nani awezaye kukitoa?

Njia mbili za Ulaya

Wajerumani walianzisha chuo cha madini huko Freiberg mwaka 1765. Wafaransa wakaanzisha chao mjini Paris mwaka 1783. Baadaye mapokeo ya nchi hizo mbili yaliachana. Mfaransa anayetaka kuingia shule kubwa za uhandisi aghalabu hutumia kwanza miaka miwili katika hisabati na fizikia nzito. Mjerumani hupelekwa mapema kiwandani, akajifunze mbele ya mashine.

Mpakani mwao kuna Lorraine, nchi ya chuma, na Saar, nchi ya makaa ya mawe. Mataifa hayo yalipigana vita mwaka 1870, 1914 na 1939, na utajiri wa maeneo hayo ulikuwa miongoni mwa mambo waliyogombea. Hata hivyo, mwaka 1978 miji ya Metz na Saarbrücken ilianza kufundisha wahandisi kwa pamoja. Wanafunzi wa pande zote mbili husoma darasa moja, hufundishwa kwa lugha zote mbili, huhama kutoka mji huu hadi ule, na mwishowe hutunukiwa shahada za nchi zote mbili. Kwa mkataba wa Weimar wa mwaka 1997, kiliundwa Chuo Kikuu cha Kifaransa na Kijerumani, chenye makao yake Saarbrücken, ili kuunganisha mafunzo ya namna hiyo katika vyuo vingi.

Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe wa Lorraine ulifungwa mwaka 2004, na wa Saar mwaka 2012. Madarasa hayakufungwa.

Na sisi je?

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na tangu hapo mafunzo ya vitendo viwandani yamekuwa sehemu ya masomo yake. Lakini mhandisi haanzi chuoni. Mwanafunzi wa Geita huongea Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia kwa Kiingereza. Kuvuka mpaka wa lugha si jambo geni kwake. Linalompungukia mara nyingi ni nafasi ya kuifikiri kanuni katika lugha anayoimudu kabla ya kuiandika katika nyingine.

Mwalimu, jaribu hili. Wape wanafunzi mizani, silinda ya kupimia na jiwe dogo jeupe, la aina inayopatikana mara kwa mara pamoja na dhahabu. Watafute densiti yake. Yapaswa kukaribia 2.6. Wailinganishe na 19.3, waeleze kwa Kiswahili kwa nini mchimbaji mdogo hutikisa karai lake ndani ya maji, kisha waandike maelezo yaleyale kwa Kiingereza. Atakayeyamudu yote mawili ameanza kuwa mhandisi.