Redio Koli ya Kujijengea: Je, Inafaa Kikundi Chenu?



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: mvua ikizidi, daraja likibebwa na maji na simu zikikosa mtandao, tutaitaje msaada? Wengine wamesikia kuna redio koli ambayo mtu anaweza kuijenga mwenyewe mezani, na ikaongea na watu walio mbali bila mnara wa simu. Wanataka kujua kama ni kweli, na kama kikundi kinaweza kutoa pesa za mchango kwa kazi hiyo.

Ni kweli. Lakini kabla mweka hazina hajafungua sanduku, hebu tuelewe redio hiyo ni nini, inajengwa namna gani, na sheria inasema nini.

ILITOKA WAPI?

Katika mji wa Hyderabad, nchini India, kuna fundi anayeitwa Ashhar Farhan. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alichora redio ndogo akaiita BITX. Redio za kununua zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida wa huko, na vipuri vingine havikupatikana madukani. Kwa hivyo Farhan alitumia transista za kawaida, zile za bei ya chini ambazo mafundi wa redio wanazijua. Alipokosa pete maalum za kuzungushia waya, alitumia washa ya plastiki ya mfereji wa maji! Mchoro wake hakuuficha. Aliutoa wazi ili yeyote ajenge na abadilishe apendavyo.

Redio ya kwanza ilitumia mawimbi ya megahezi 14. Mwaka 2016 ikaja BITX40, ya megahezi 7, ambayo bao lake la saketi liliuzwa likiwa limekwisha kuunganishwa. Mnunuzi aliongeza sanduku, betri, spika na antena. Vikundi vya akina mama vitapenda kusikia jambo hili: koili za bao hilo zilizungushwa kwa mkono na kikundi cha akina mama wa Hyderabad, wakapata riziki kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa 2017 ikafuata nyingine iitwayo uBITX, yenye mawimbi ya aina nyingi zaidi.

Katika makala hii tutaizungumzia hasa ile ya megahezi 7, kwa sababu ndiyo inayofaa kuongea ndani ya nchi wakati wa mchana.

SHERIA KWANZA

Redio hii ni ya ridhaa, yaani ya watu wanaoongea hewani kwa kujifunza na kwa kupenda, si kwa pesa. Hapa Kenya huwezi kurusha sauti hewani bila leseni kutoka kwa Communications Authority of Kenya. Mwenye leseni hupewa jina lake la hewani, na majina ya Kenya huanza na 5Z4. Kurusha bila leseni ni kosa, hata kama redio umeijenga kwa jasho lako.

Tena, sheria za kimataifa za redio ya ridhaa hazikubali biashara wala maneno ya siri. Kwa hivyo msiijenge mkifikiri mtaulizia bei ya maziwa au ya mahindi, au mtamwita dereva wa pikapu. Kazi kama hiyo ni ya simu, ama ya redio koli yenye leseni ya namna nyingine. Redio ya ridhaa inakubaliwa kupeleka habari za watu wengine wakati wa dharura na maafa.

Na wakati huo inasaidia kweli. Mwezi wa Desemba 2004, Bharathi Prasad, mwanamke kutoka India, alikuwa na wenzake katika visiwa vya Andaman wakiongea na dunia kwa redio ya ridhaa. Tarehe 26 mawimbi makubwa ya tsunami yakapiga visiwa hivyo na simu zikakatika. Redio zao zikageuka kuwa njia ya kupeleka habari za watu waliookoka na mahitaji yao. Angalieni vizuri: walikuwa tayari na leseni, antena ilikuwa juu, na walijua kuitumia. Hawakuanza kujifunza siku ya maafa.

INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Fikirieni unga na chekecheo. Antena inaokota mawimbi mengi pamoja, kama unga wenye pumba. Chujio la kwanza linaachilia yale yaliyo karibu na megahezi 7 tu.

Ndani ya redio kuna sehemu inayozalisha mawimbi yake yenyewe, iitwayo osileta. Ukitaka kusikiliza megahezi 7.1, osileta inatoa 4.9. Mawimbi hayo mawili yakichanganywa yanatoa 12.0. Kwa nini 12? Kwa sababu hapo ndipo kuna chujio la pili, lililotengenezwa kwa kristali, ambalo matundu yake ni madogo sana. Linapitisha sauti ya mtu mmoja na kuwazuia majirani zake. Ukizungusha kitasa, osileta inabadilika, na mtu mwingine ndiye anayeangukia kwenye lile tundu. Baada ya hapo sauti inakuzwa na kwenda kwenye spika.

Ujanja wa Farhan ni huu: wakati wa kuongea, njia ni ileile lakini inarudi kinyume. Sauti kutoka maiki inapita chujio lilelile la kristali, inachanganywa, kisha inakuzwa mpaka transista ya mwisho iitwayo IRF510, inayotoa nguvu za wati 7 hivi. Kwa kuwa sehemu nyingi zinafanya kazi mbili, vipuri vinapungua na gharama inashuka.

Wati 7 ni kidogo kuliko taa nyingi za nyumbani. Lakini zinafika mbali, kwa sababu redio hii inatuma upande mmoja tu wa mawimbi ya sauti na haipotezi nguvu kwa mengine. Ndiyo maana ukiisikiliza kwa redio ya kawaida, sauti ni kama ya bata, huelewi neno.

KUJENGA HATUA KWA HATUA

Kazi hii si ya mtu asiyewahi kushika chuma cha kuchomea risasi. Lakini kijana anayetengeneza redio na simu sokoni, au aliyesoma ufundi wa umeme, anaweza. Fuateni mpango huu:

1. Jengeni sehemu moja, ipimeni, ndipo muende nyingine. Anzeni na spika na kikuza sauti. Ukigusa waya wa kuingilia kwa kidole, usikie mlio. Kama hakuna mlio, msiendelee.

2. Malizeni upande wa kupokea kabla ya upande wa kurusha. Mkisikia watu wakiongea, zaidi ya nusu ya redio ni nzima.

3. Koili zataka subira. Kila mara waya inapopita ndani ya pete, huo ni mzunguko mmoja. Wengi huhesabu kwa nje na kukosea kwa mmoja. Waya hiyo ina rangi inayozuia umeme. Ikwanguliwe kwenye ncha mpaka shaba ing'ae, la sivyo risasi haitashika.

4. Wekeni fyuzi na dayodi kwenye waya wa betri. Mtu akigeuza chanya na hasi, fyuzi ndiyo itakayoungua, si redio.

5. Kabla ya kurusha, tengenezeni mzigo wa kujaribia. Chukueni resista 20 za omu 1000, kila moja ya wati 1, mziunge sambamba. Mtapata omu 50, sawa na antena nzuri, lakini nguvu zinaishia kwenye joto bila kumsumbua mtu hewani. Msirushe kamwe bila antena au mzigo huu, mtaunguza transista ya mwisho.

6. Transista ya IRF510 ina skrubu ya kurekebisha mkondo wake. Ianze ikiwa imefungwa chini kabisa. Wekeni mita ya ampea kwenye waya wa betri, bonyezeni kitufe cha kuongea bila kusema neno, mfungue polepole mpaka mkondo upande kwa ampea 0.1 tu. Mwenye haraka huiunguza hapa.

KUIREKEBISHA IFAE KWETU

Uzuri wa redio ya kujijengea ni kwamba unaweza kuibadilisha. Haya tunayaona ya maana.

Kwanza, mipaka ya mawimbi. Marekani wanaruhusiwa kutoka megahezi 7.0 hadi 7.3. Sisi Afrika tumepewa 7.0 hadi 7.2, na juu ya hapo ni redio za matangazo. Katika BITX40 mawimbi yanapangwa na kompyuta ndogo iliyo ndani, kwa hivyo fundi aweke kikomo katika programu yake ili hata mgeni akishika kitasa asivuke.

Pili, sanduku. Mkebe wa chuma wa biskuti au sanduku la kompyuta kuukuu linatosha. Lakini jihadharini: bamba la chuma la ile IRF510 limebeba umeme wa betri. Likifungwa kwenye mkebe bila karatasi ya maika katikati, ni shoti. Na lazima lipate kipande cha alumini cha kupoza joto.

Tatu, umeme. Redio hutumia volti 12. Ikisikiliza inakula takriban ampea 0.15, na ikirusha karibu ampea 1. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7, ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, inasikiliza karibu siku nzima. Ikiongezewa paneli ya sola, mtaendelea.

Nne, nguvu zaidi. Wengine huipa transista ya mwisho volti 24 ili wati ziongezeke. Inawezekana, lakini joto linapanda sana. Kwa kikundi kinachoanza tunasema hapana. Shilingi hizo zitumieni kwenye antena.

ANTENA NDIYO ROHO

Gawanya 143 kwa megahezi unazotaka, utapata urefu wa waya kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo. Waya hiyo inakatwa katikati, kila upande mita 10, na kebo ya redio inaungwa hapo katikati. Kateni kila upande mita 10 na nusu kwanza, kisha mpunguze kidogo kidogo mkipima. Waya ikiwa fupi hairudi kuwa ndefu.

Wengi hufikiri lazima iwe juu kama mnara. Kwa mawasiliano ya karibu, hapana. Ikiwa mita 5 hivi kutoka ardhini, mawimbi yanapanda moja kwa moja angani na kurudi chini kama mvua, pande zote, hadi kilomita mia kadhaa. Milima haiwezi kuyazuia. Watu wa mabondeni, hii ni habari njema kwenu. Ila usiku hali hubadilika: mara nyingi wa karibu wanapotea na wa mbali ndio wanaosikika.

Msipitishe waya karibu na nyaya za stima hata kidogo. Mtu mmoja akivuta waya na ikaangukia huko, mtakuwa na matanga. Na mawingu yakianza kunguruma, ichomoeni antena na muitupe kebo nje ya nyumba. Wenzetu wa Kisii na Kakamega wanajua radi inavyofanya.

TUNASHAURI NINI?

Redio moja peke yake haisaidii mtu. Mnahitaji mtu wa upande wa pili mwenye leseni, anayesikiliza saa mliyopatana. Kwa hivyo kikundi kimoja kujenga redio kisha kuiweka kabatini kungoja mafuriko ni kupoteza mchango wa wanachama.

Lakini vikundi viwili au vitatu vya bonde moja vikipatana, kila kimoja kikatoa kijana mmoja mwenye hamu ya ufundi, msichana au mvulana, hiyo ni njia. Vijana wasome, wafanye mtihani wa leseni, wajenge pamoja, halafu waongee kila wiki. Redio isiyotumiwa huharibika, na mtu asiyezoea husahau. Faida nyingine ni kwamba kijana aliyejenga redio kama hii atatengeneza chaja ya sola na kikuza sauti cha mikutano bila shida.

Kama hamna kijana kama huyo, au hakuna kikundi cha upande wa pili, wekeni pesa zenu kwenye simu mbili za laini tofauti na betri ya sola. Si aibu. Chombo kizuri ni kile mnachoweza kukitumia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho barabara na simu zilipokatika hapa kwetu, habari zilipelekwa namna gani, na zilichukua muda gani?

2. Ni kikundi gani upande wa pili wa mto au mlima tungeweza kupatana nacho?

3. Nani kati ya vijana wetu ameonyesha mkono wa ufundi, na ni nani atakayemlipia mtihani?

4. Redio ikiwepo, itakaa kwa nani, na nani atakuwa na ufunguo usiku wa manane?