Mtoto akisema anavutiwa na jinsia yake, mzazi wa kanisani afanyeje?

Kuna habari ambazo mzazi hawezi kumweleza hata rafiki wa karibu wa jumuiya. Mojawapo ni mtoto kusema kwamba anavutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yake, au wa jinsia zote mbili. Mzazi huwaza mengi kwa mkupuo: nilikosea wapi, waumini watasemaje, mchungaji au padri ataambiwa nini. Swali zito kuliko yote mara nyingi huja mwisho: mtoto mwenyewe yuko salama?

Kukataliwa na afya ya mtoto

Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marekani uliohusisha vijana 224 wa aina hiyo, wenye umri wa miaka 21 hadi 25. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nane wa kuwahi kujaribu kujiua, na karibu mara sita wa kuwa na sonona kali, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo.

Kukataliwa si kufukuzwa nyumbani tu. Ni pamoja na matusi, kipigo, kumtenga mtoto na shughuli za familia, na kumwambia kila siku kwamba amewaaibisha.

Kanisa linasemaje?

Wazazi wengi wanajua nusu ya kwanza ya jibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba vitendo vya mapenzi ya jinsia moja ni kinyume cha maadili. Nusu ya pili haisikiki sana: ibara ya 2358 inaagiza watu hao wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki.

Kwa Waanglikana, mkutano wa maaskofu wa Lambeth wa mwaka 1998 ulikataa vitendo hivyo kuwa haviendani na Maandiko. Azimio hilohilo liliwaahidi watu hao kwamba watasikilizwa, na likasema kila aliyebatizwa na mwenye imani ni kiungo kamili cha mwili wa Kristo, bila kujali mvuto wake.

Mvutano bado upo. Desemba 18, 2023 Vatican iliruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, bila kuufananisha muungano wao na ndoa. Januari 11, 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walijibu kwamba baraka hizo hazifai barani humu. Hata hivyo, walisisitiza kuwa mtu mmoja mmoja aheshimiwe utu wake.

Kwa mzazi, neno la moja kwa moja lilitoka kwa hayati Papa Francis, Januari 26, 2022. Aliwataka wazazi wanaoona mvuto tofauti kwa watoto wao wawasindikize, wasijifiche nyuma ya lawama. Mwaka 1997 kamati ya maaskofu wa Marekani ilikuwa imewaandikia wazazi ujumbe uitwao Always Our Children. Haukubadili fundisho, ila uliwasihi wasikate mawasiliano na mtoto.

Maombi ya ‘kumbadilisha’

Wapo wazazi wanaompeleka mtoto kwenye mikesha ya kufukuza pepo, kumfungisha kwa lazima au kumwozesha haraka. Shirika la Afya Duniani liliondoa mvuto wa jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na mwaka 2012 ofisi yake ya bara la Amerika ilionya kwamba tiba za kuubadilisha hazina msingi wa kitabibu na zinahatarisha afya.

Exodus International, huduma ya Kikristo ya Marekani iliyofanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 35, ilifungwa mwaka 2013. Kiongozi wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi waliojeruhiwa.

Mzazi aanzie wapi?

Siku ya kwanza, sikiliza kuliko kusema. Mwambie bado ni mwanao na hapa ni kwao. Kama hasira imepanda, omba muda, usitoe hukumu usiku huohuo.

Tunza siri yake. Tanzania, Kenya na Uganda zina sheria zinazoadhibu vitendo hivyo, na neno likishafika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya halirudi. Kabla ya kumwambia kiongozi wa dini, muulize mtoto kama anakubali, na mchague anayejua kukaa kimya.

Akiacha kula, kulala au kwenda shule, akigawa vitu vyake au kuzungumzia kifo, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya imani yanaweza kuchukua miaka, na si lazima mzazi abadili msimamo wake ndipo aendelee kula meza moja na mwanawe.